Likizo ya Vijiti Viwili na Sufuria

Juzi mjukuu wangu anayeishi Nairobi aliniuliza, "Susu, zamani watoto walikuwa wanapelekwa wapi likizo?"

Nikamwambia walikuwa wanapelekwa shamba.

"Na kiingilio ilikuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia kiingilio kilikuwa jembe. Alicheka akidhani namtania, akarudi kwenye kile kimchezo chake cha betri kinacholia kama panya aliyebanwa mlangoni.

Basi nimeona niwaandikie nyinyi mnaoshika kazi ya watoto wadogo sasa, pamoja na nyinyi wazazi wachanga mnaotetemeka kila shule zikifungwa, kana kwamba mmeletewa wadai wa benki na siyo watoto wenu wenyewe. Kazi yangu ilikuwa nasari. Nilianzia Kanyangi, upande wa Kitui, nikiwa msichana anayefunga kitambaa kichwani kwa ajili ya aibu, nikamalizia Emali nikiwa mama anayefunga kitambaa kwa ajili ya mvi. Katikati hapo nimefuta kamasi za watu ambao leo wanapita barabara ya Mombasa na magari makubwa, na hawashushi kioo kunisalimia. Sina kinyongo. Nawajua wote kwa pua zao.

Aliyenishika mkono kazini ni Mwalimu Ruth wa Kanyangi, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza aliniambia, "Mtoto akilia, maliza chai yako. Akinyamaza, kimbia." Sijawahi kupata somo la ualimu lililonifaa kuliko hilo.

Yeye ndiye aliyenionyesha mto wa mchanga. Nyinyi mnaona mto uliokauka mnasema hakuna kitu. Sisi tulikuwa tunampa kila mtoto kibuyu kilichovunjika na nafasi yake pale mchangani, achimbe kisima chake. Maji yanatokea kidogo kidogo, meusi kwanza, halafu meupe, halafu safi, na mtoto wa miaka mitatu anakaa pale nusu siku akiwa mwenye mradi. Mimi mara ya kwanza niliwapeleka saa saba mchana, watoto peku. Waliruka kwenye ule mchanga kama bisi kwenye kikaango, na nikawabeba mmoja mmoja mpaka kivulini huku Mwalimu Ruth amekaa ukingoni akicheka hadi akashika mbavu. Kwa hivyo mwende asubuhi. Halafu mtazame mbingu ya upande mto unakotoka, siyo iliyo juu ya kichwa chako. Mto wa kwetu huja na maji ya mvua iliyonyeshea watu wengine, na haupigi hodi.

Nilipohamia Emali niliukuta mji wa malori, stesheni na haraka. Kila Desemba akina baba waliofanya kazi Mombasa na Nairobi walirudi nyumbani, wakakaa hotelini wakila nyama na kueleza mambo ya Mombasa na Nairobi, huku watoto wao wakiwachungulia dirishani. Mchungaji wetu akaona hilo si zuri. Akasema kanisa liwe na siku ya familia pale nasari, kila likizo, wazazi wacheze na watoto wao wadogo. Kamati ikakubali kwa sharti moja, kwamba gharama iwe nafuu.

Nilifurahi sana. Sikujua kwamba kitu cha gharama nafuu kuliko vyote walichokijua wale wazee ni hotuba. Mzee Nzioka, mwenyekiti wa kamati na mwenye duka karibu na stesheni, alizungumza mchana mzima juu ya umuhimu wa mtoto kucheza. Watoto waliketishwa kwenye mabenchi wasikilize. Kila aliyejaribu kucheza alivutwa sikio ili asikie vizuri umuhimu wa kucheza. Halafu mzee mwingine akasimama kushukuru kwa hotuba, na wa tatu akasimama kushukuru kwa shukrani. Tulipofikia michezo yenyewe jua lilikuwa limetua na watoto wamelala wakiegemeana. Kamati ikapongezana kwamba siku ilikwenda kwa utulivu mkubwa.

Likizo iliyofuata wakaona ufumbuzi ni safari. Tukapandishwa lori, familia nzima nzima, hadi Mbooni, watoto wa ukame wakaone milima na kijani. Tulifika kukiwa na baridi ya kung'oa meno. Watoto hawakutazama milima. Waliona njia imeinama, wakapata magome ya mgomba, wakaketi juu yake na kuteleza mpaka chini, wakapanda tena wakateleza tena. Mama mmoja wa kwaya, mwenye heshima zake zote, aliteleza nao akafika chini bila kiatu. Akina baba walisimama juu mikono mifukoni wakijadili bei ya mashamba ya pale. Nikawatazama nikasema moyoni, hawa shida yao si pesa. Shida yao ni kukaa chini.

Sasa nije kwa Mutiso.

Mutiso alikuwa kijana wa pale Emali, mume wa jirani yangu Ndinda, karani kwenye godauni moja Mombasa. Kama wanaume wengi wa kwetu miaka ile ya sabini, alikuwa baba wa Desemba. Hakuwa mlevi wala mkali, na hakusahau nyumbani. Tatizo lake lilikuwa binti yake Mwende, aliyekuwa na miaka minne na hakumjua baba yake. Aliijua picha yake ya ukutani, na kila asubuhi aliisalimia kwa adabu. Lakini picha haikuwa na miguu, haikuwa na jasho, na haikuwa inakalia kiti cha karibu na mama.

Mwaka huo Mutiso alishuka kwenye treni akiwa na koti jipya la kahawia, miwani myeusi na katoni kubwa begani. Mwende alimwona, akajificha nyuma ya gauni la Ndinda. Walipoketi kunywa chai, na majirani tumejaa nyumbani kumpokea, mtoto alimwuliza mamake kwa sauti ya kufikia kila mtu, "Mwaitu, huyu mtu anaenda kwao siku gani?"

Mutiso alicheka kutushinda sote. Baada ya siku chache hakuwa anacheka. Nilikuwa nafagia nasari alipoingia akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, hii likizo yangu inaisha," akasema. "Na hii mtoto inanikimbia kama mimi ndiye daktari ya sindano."

"Umeifanyia nini?"

"Nimeinunulia kila kitu!"

"Mutiso, nimekuuliza umeifanyia nini."

Akatazama nje. "Sitaki kurudi Mombasa kabla haijanijua," akasema polepole. "Nikirudi hivi, Desemba ingine atakuwa mkubwa. Atanipea mkono kama mgeni wa kanisa. Halafu hivyo ndivyo tutakuwa, mimi na yeye, mpaka nizeeke."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimhurumia sana, ingawa sikumwonyesha. Mwanaume ukimhurumia mapema anakaa chini akasubiri chai. Nilimpa ufagio amalizie upande wa pili, kisha nikafuatana naye nyumbani kuona hivyo vitu alivyonunua.

Ndani ya ile katoni mlikuwa mmetoka baiskeli ya magurudumu matatu, nyekundu, nzuri kabisa, iliyotengenezewa sakafu za watu wenye sakafu. Kwenye mchanga wa Emali ilizama mpaka ekseli. Mutiso alikuwa anaisukuma yeye mwenyewe uani, viatu vimejaa mchanga, bila abiria, huku akiita, "Ona! Ona inaenda!" Mwende hakuwa anaona, kwa sababu alikuwa ndani ya katoni. Alikuwa amejifungia humo akiuza chumvi kupitia tundu la pembeni.

"Ingia," nikamwambia Mutiso.

"Niingie wapi?"

"Kwa katoni. Ama basi nunua chumvi."

Akajitazama suruali yake iliyopigwa pasi. "Mwalimu, mimi ni karani."

Basi karani akabaki nje. Kesho yake alimpeleka mtoto studio, wapigwe picha mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria. Nimewahi kuiona picha hiyo. Baba anatabasamu, mwanasesere mpya anatabasamu, rubani wa kuchorwa anatabasamu, mtoto amefungua mdomo wote analia.

Likizo yake ilikuwa imebaki siku za kuhesabia vidole mvua nzuri iliponyesha, na kile kichuguu kilichokuwa nyuma ya nasari kikaanza kutoboka vitundu vibichi. Nikajua la kufanya. Nikapeleka habari kwa mchungaji kwamba siku ya familia mara hii tunatega kumbikumbi, na kila familia ije na vijiti viwili, sufuria na blanketi.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii haiuzwi madukani. Kuna kumbikumbi wanaotoka wenyewe usiku wakifuata taa. Hao hawahitaji mwalimu. Lakini kuna wale wadogo wa mchana, na hao lazima uwadanganye kwamba mvua inanyesha. Unasafisha kichuguu, unasimamisha fito juu ya tundu, unazifunika pasiingie mwanga, ila unaacha mlango mmoja mdogo. Kumbikumbi atafuata mwanga wa mlango huo, na hapo chini umechimbia sufuria. Kisha unalaza kipande cha ubao kando ya tundu, unakaa chini na kukipiga kwa vijiti viwili, mwendo mmoja, bila pupa. Ukipiga kwa hasira wanajua ni mtu. Ukichoka ukaacha, wanarudi ndani na unaanza upya. Mamake Mwende alilelewa kwa hayo na Mwende alishakaa naye mara nyingi akipiga. Akina baba walikuwa wameyasahau zamani.

Siku ikafika. Kila mama alileta sufuria kubwa kuliko ya mwenzake, kwa sababu ya kubeba kitoweo. Hakuna aliyeleta blanketi, kwa sababu ya matope. Kila mmoja alikuwa na hakika ya moyoni kwamba blanketi litaletwa na jirani. Mzee Nzioka alikuja na karatasi mfukoni. Nilimwahi kabla hajakohoa.

"Mzee, hawa wakisikia hotuba wanafikiri ni kiangazi," nikamwambia, nikamwekea vijiti mkononi. Alikaa chini kwa mshangao tu, nadhani, na akakaa hapo mpaka mwisho.

Fito zilikuwa zimesimama, na hatuna cha kufunikia. Tukatazamana. Halafu, bila mtu kumwambia mwenzake, wote tukatazama koti la Mutiso.

Mutiso naye akalitazama. "Lazima iwe hii?"

Hapo sauti ndogo ikatoka nyuma ya gauni la Ndinda. "Hiyo ni nyeusi ndani," Mwende akasema. "Lete."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba yake tangu ashuke kwenye treni. Mutiso alivua lile koti haraka mpaka kifungo kikaruka. Tukalitandaza juu ya fito, bitana chini, tukakandika pembeni kwa matope, na mkono mmoja wa koti tukaunyoosha hadi kwenye sufuria uwe ndio mlango. Ndinda alifumba macho. Alikuwa amelipiga pasi asubuhi.

Mutiso akakaa chini, suruali ya pasi na yote, akachukua vijiti, akaanza kupiga. Alipiga kama mtu anayegonga mihuri ofisini. Ta-ta-ta-ta, haraka haraka, amalize foleni.

Mwende alivumilia kidogo. Halafu akatoka nyuma ya gauni, akazunguka kichuguu, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Si hivyo," akasema. "Utawaogopesha. Fanya pole. Mvua haikimbizwi na mtu."

"Nionyeshe basi," Mutiso akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mtoto akakaa. Akakaa kando yake, goti likigusa goti, akachukua kijiti kimoja akamwachia kingine, wakaanza kupiga pamoja. Akina baba wengine walipoona mwenye koti ameketi kwenye matope, wakakosa sababu ya kusimama, wakaketi nao. Sisi akina mama tulinyamaza, jambo ambalo wenye kutujua hawataamini. Mlio ukaendelea, ule mdogo wa mvua ya mbali, na mimi nikawa naomba Mungu kimyakimya, siyo kwa ajili ya kitoweo.

Wa kwanza alichomoza kwenye mkono wa koti, mabawa yamekunjamana, akatumbukia kwenye sufuria. Halafu wawili. Halafu ule mkono ukajaa ukaanza kutikisika, ungedhani kuna mtu ndani anayevaa, na kumbikumbi wakamwagika.

Mwende alicheka mpaka akaanguka chali. "Wanatoka kwa mkono ya baba!" akapiga kelele. "Mwaitu, ona! Wanatoka kwa mkono ya baba!"

Mutiso alisita, kijiti hewani. Mwende akampiga begani. "Baba, usiache! Piga!"

Akapiga. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asiache. Mtoto akamchukua kumbikumbi mmoja, akamng'oa mabawa, akamtia baba yake mdomoni. Karani wa Mombasa akatafuna.

"Ni tamu?"

"Ni tamu sana, mama yangu."

Siku zilizobaki hawakuachana. Mutiso alionekana ndani ya ile katoni, magoti masikioni, akinunua chumvi. Koti lilifuliwa na halikurudi kuwa koti. Treni ilipokuja kumchukua, Mwende hakulia. Alimwuliza tu kama huko Mombasa kuna vichuguu, na Mutiso akampapasa kichwa, akapanda.

Mnaweza kudhani hadithi ya siku ile iliishia hapo, na kweli kama ningekuwa kamati ningeimalizia hapo, nikapiga makofi. Lakini Januari iliingia, kiangazi kikakaza, na alasiri moja nikasikia mlio nyuma ya nasari. Nilimkuta Mwende peke yake kwenye kile kichuguu kilichokauka, vijiti viwili mkononi, anapiga polepole, mwendo ule ule.

Nikamwambia, "Mwende, kumbikumbi wameisha. Mpaka mvua."

Hakugeuka. "Siiti kumbikumbi," akasema. "Naita baba."

Nimefanya kazi na watoto miaka mingi na nimewatania wengi, lakini huyu sikumtania. Nilikaa kando yake tu. Alikuja kila alasiri. Ndinda alijaribu kumkataza, akaona kumkataza kunamwumiza yeye zaidi, akaacha. Watu waliokuwa wakipita walisikia ule mlio wa mvua kwenye jua kali wakatikisa vichwa. Mzee Nzioka alipendekeza azungumze na mtoto. Tulimshukuru mapema, asianze.

Jirani mmoja aliyekuwa dereva wa lori la Mombasa ndiye aliyebeba habari. Alimkuta Mutiso mlangoni mwa godauni, kati ya makarani wenzake, akamwambia bila kuteremka, "Mtoto yako inapiga kichuguu kila siku. Inasema inakuita utoke." Dereva alisema Mutiso aligeuka pale pale. Aliingia ndani moja kwa moja kwa mkubwa wake, hata kalamu ikiwa bado sikioni.

Jumamosi moja, Pasaka ikiwa bado mbali, treni ikasimama stesheni ya Emali na Mutiso akashuka. Hakuwa na katoni. Hakuwa na koti, wala mfuko, wala hata mkate. Kwetu hapo hakukuwa kumewahi kuonekana mtu anatoka Mombasa mikono mitupu, na kabla hajavuka reli habari zilikuwa zimeenea. Mzee Nzioka, akiwa mlangoni pa duka lake, alitangaza kwa huzuni kwamba kijana amefutwa kazi. Mwingine akasema ameibiwa. Mwingine akasema ni ugonjwa, ona alivyokonda. Hakuna hata mmoja aliyesema huenda mtu amekuja tu kumwona mtoto wake, kwa siku moja, arudi na treni ya kesho.

Alikuja moja kwa moja mpaka nyuma ya nasari. Mimi na Ndinda tulikuwa tumesimama kwenye kona ya ukuta, na tulimwona kabla ya Mwende. Mtoto alikuwa amekaa ametupa mgongo, anapiga. Mutiso hakumwita. Alikaa chini kwenye vumbi, kando yake, akaokota kijiti kilichokuwa hapo, akafuata mwendo.

Mwende akamtazama. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alimaliza mapigo yake kwanza kama mtu anayejua kazi yake. Halafu akageuka akatutazama sisi, mimi na mama yake, uso mkali wa mtu aliyesumbuliwa na wajinga kwa muda mrefu.

"Si niliwaambia anatoka?"